Riviu: ushauri wa maprofesa wa vyuo kwa serikali ya Uingereza kipindi cha korona, nyota tatu na nusu

Nipo Leicester, kazi yangu keya, yaani nahudumia wazee kwenye nyumba ya wazee, na kodi inakatwa kabla hata mshahara sijauona. Kwaiyo naona nina haki zote za kuitolea riviu hii huduma kama nyingine yoyote ninayoilipia, na kwa watu wa kwetu nilichokiona ni zile video za wasap za "maprofesa walitudanganya" na upande wa pili wanaowaona malaika. Hawakutudanganya. Na malaika pia sio.

Kwa asiyeijua, huduma yenyewe inaitwa SAGE, kamati ya ushauri wa kisayansi ya wakati wa dharura. Sio ofisi yenye jengo na kibao nje, ni kikao, janga likitokea wanaitwa, likipita kinavunjwa. Wanaokaa humo ni watumishi wachache wa serikali na maprofesa wa vyuo, Imperial College, Oxford, Edinburgh, London School of Hygiene and Tropical Medicine na wengine, na hao wa vyuo wengi wao hawalipwi hata senti kwa kukaa pale, mshahara ni wa chuo, mchana wanafundisha usiku wanapigia serikali hesabu. Mwenyekiti alikuwa Patrick Vallance, mshauri mkuu wa serikali wa mambo ya sayansi, na pembeni yake Chris Whitty, ambaye kwa cheo cha kwetu ndo Mganga Mkuu wa Serikali. Kikao cha kwanza cha korona walikaa 22 Januari 2020, wakati huo Uingereza haijathibitisha hata mgonjwa mmoja. Kwa kuwahi kuitana hapo siwadai kitu, kuna nchi kibao zilikuwa bado zinauliza Wuhan iko wapi.

Sasa twende kwenye bidhaa zenyewe, na siwezi kuanza na nyingine zaidi ya ile iliyovuma dunia nzima, ripoti namba 9 ya Imperial, imetoka 16 Machi 2020, timu ya Profesa Neil Ferguson. Ndo ile iliyosema kama hakuna kitakachofanyika kabisa, watu waendelee na maisha yao kama kawaida, watakufa watu 510,000 Uingereza na milioni 2.2 Marekani. Wengi waliishia hapo kwenye 510,000, wakasubiri, hawakuziona hizo maiti zote, wakasema jamaa tapeli. Lakini ukiisoma hiyo ni hesabu ya kukaa bila kufanya lolote, na kilichokuwa kizito kipo chini kidogo: hata ukifanya nusunusu, wagonjwa wajitenge, wanaoishi nao wajitenge, wazee wakae ndani, bado vifo vingekuwa kama 250,000 na wagonjwa mahututi wa kulazwa ICU wangezidi uwezo wa hospitali mara nane. Sasa hiyo nusunusu ndo ilikuwa mpango wa serikali mpaka siku ile! Ndo maana ikawashtua, wiki moja baadae, 23 Machi, Waziri Mkuu Boris Johnson akatokea kwenye TV akafunga nchi.

Alafu 25 Machi Ferguson akaenda mbele ya kamati ya bunge akasema kwa hatua zilizochukuliwa sasa vifo huenda vikawa 20,000 au chini ya hapo, na hapo ndo kelele zikaanza, amegeuka, juzi laki tano leo elfu ishirini. Hajageuka bana, namba ya kwanza ni ya kutofunga na ya pili ni ya kufunga, ni maswali mawili tofauti. Kosa la ile ya pili ni jingine kabisa na hao waliokuwa wanamzomea hawakuligusa: ilikuwa ndogo mno, vifo vya hospitali peke yake vilipita 20,000 Aprili ileile, tarehe 25. Virusi vilikuwa vimeshasambaa kuliko walivyodhani kwa sababu vipimo vilikuwa havipo, na modeli, yaani hesabu ya kompyuta ya kukadiria ugonjwa utakavyosambaa, hata iwe nzuri namna gani ukiilisha namba za wiki tatu nyuma inakupa jibu la wiki tatu nyuma.

Malalamiko ya haki kuhusu hii bidhaa ni ile programu yake ya kompyuta. Ilikuwa imeandikwa zaidi ya miaka 13 nyuma kwa ajili ya mafua makali, maelfu ya mistari isiyo na maelezo, aliyekuwa anaielewa vizuri ni mwenyewe na wenzake, na uamuzi wa kufunga watu milioni 60 na ushee ukaiegemea kabla haijawekwa hadharani. Ilipandishwa mtandaoni mwishoni mwa Aprili baada ya kusafishwa kwa msaada wa mainjinia wa Microsoft, Juni mtafiti mmoja wa Cambridge akaiendesha upya mwenyewe na majibu yakalingana na ya ripoti. Kwaiyo hesabu zilikuwa sawa, ila tulitakiwa tulijue hilo mwezi Machi. Na 5 Mei Ferguson akajiondoa SAGE baada ya gazeti kuandika kwamba mwanamke alikuwa anaenda kumtembelea nyumbani wakati sisi wengine tumefungiwa. Hesabu haziharibiki kwa sababu ya mgeni, lakini aisee, kwa muda ule!

Bidhaa ya pili sasa, hii naipa nyota tano zote na kama kuna ya sita naongeza. Inaitwa RECOVERY, utafiti wa dawa za korona wa Oxford, chini ya maprofesa Peter Horby na Martin Landray. Hawa hawakukaa kutabiri chochote. Walichofanya ni kwenda mahospitalini, 176 nchi nzima, na kusema hivi: dawa zinazotajwa zipo nyingi, kila daktari anajaribu anachosikia, sasa badala ya kila mtu kubahatisha kivyake tugawe wagonjwa kwa bahati nasibu, huyu apate dawa hii, huyu apate matibabu ya kawaida, alafu tuhesabu nani kafa nani kapona. Mgonjwa wa kwanza aliingizwa 19 Machi 2020, siku tisa tu tangu waandike mpango wenyewe, na kwa wanaojua karatasi za ruhusa za utafiti zinavyozungushwa siku tisa ni kama muujiza. Fomu ya kumwingiza mgonjwa waliifanya fupi makusudi ili nesi aliyechoka saa nane usiku aweze kuimaliza.

5 Juni wakatangaza hydroxychloroquine, dawa ya malaria, haisaidii kwa mgonjwa aliyelazwa. Hii ndo ile ambayo Trump alisema anaimeza, na nchi kibao zilikuwa zinainunua kwa fujo. 16 Juni wakatangaza dexamethasone inasaidia. Wagonjwa 2,104 walipewa, wakalinganishwa na 4,321 ambao hawakupewa, kwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia vifo vilipungua kwa theluthi moja, kwa waliokuwa kwenye oksijeni tu vikapungua kwa moja ya tano, na kwa ambaye hahitaji oksijeni haikumsaidia. Miligramu 6 kwa siku, isizidi siku kumi. Siku ileile serikali ikaruhusu itumike hospitali zote, hakuna kikao cha wiki mbili wala nini.

Mnaijua hii dawa nyie. Ni dexa. Hiihii ambayo kwetu kuna watu wanaibwia wanenepe mashavu na makalio, ya bei ya chini kabisa, imekuwepo madukani tangu wazazi wetu vijana. Mama mdogo alivyosikia kwenye redio kwamba Waingereza wamegundua dexa inatibu korona akanipigia, mwanangu ninunue niweke ndani? Nikamwambia shikamoo kwanza, alafu usinunue, ni ya mtu aliyewekewa oksijeni, ukiinywa na mafua yako ya kawaida unashusha kinga bure. Akasema sawa lakini sauti yake haikuwa ya mtu aliyekubali. Ona sasa, hata jibu zuri kama lile likifika mtaani bila ule mstari wa "asiyehitaji oksijeni haimsaidii" linageuka kuwa hatari, na kwa hilo nawapongeza watu wa Oxford, ule mstari waliuweka kwenye tangazo lao la kwanza kabisa, hawakuuficha kurasa za mwisho.

Haohao Oxford wana ubia wa miaka mingi na KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, pale Kilifi, na timu ya Kilifi ilifanya kitu cha akili sana mwaka huohuo. Vipimo Kenya vilikuwa vichache, kwaiyo wakachukua damu za wachangiaji damu, sampuli 3,098 za kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Juni 2020, wakatafuta kinga za mwili humo. Wakakuta kama asilimia 4.3 ya watu nchini wameshaambukizwa, Mombasa asilimia 8, wakati idadi rasmi ya waliothibitika Kenya nzima ilikuwa bado maelfu machache. Damu tayari ipo kwenye friji, wewe unaiuliza swali jipya. Ushauri wa namna hii ndo mimi naununua bila kuomba punguzo.

Narudi Uingereza, na hapa ndo nyota zinaanza kudondoka.

25 Februari 2020 mwongozo wa serikali ulisema ni vigumu sana mtu aliye kwenye nyumba ya wazee kuambukizwa. Ukaondolewa 13 Machi. Katikati ya mwezi ule hospitali zikaambiwa zipunguze watu kupisha wimbi, wazee wakarudishwa kwenye nyumba za wazee bila kupimwa, na kupima kabla ya kuwarudisha hakukuwa lazima mpaka katikati ya Aprili. Pale kazini miongozo ilikuwa inabandikwa kwenye mlango wa friji ya chumba cha wafanyakazi, unaokuja unabandikwa juu ya uliopita, sumaku ikawa inashindwa kushika rundo lote linaanguka kila ukifungua kuchukua maziwa. Bibi mmoja akarudishwa toka hospitali na mfuko wa dawa zake na khanga ya Kihindi aliyopewa na mkwewe, anakohoa, namuuliza dereva wa ambulensi huyu kapimwa? Akaniangalia kama nimemuuliza habari za mwezini. Mimi nina glavu na eproni ya plastiki ile inayopasuka ukiinama, barakoa hamna.

Sasa sikilizeni hii. Mahakama Kuu tarehe 27 Aprili 2022 ilisema sera ile ilikuwa kinyume cha sheria kwa sababu haikuzingatia kwamba mtu asiye na dalili anaweza kuambukiza wengine. Na majaji wakakumbusha kwamba Vallance mwenyewe alishaizungumzia hiyo hatari kwenye redio, 13 Machi! Mwenyekiti wa kamati ya ushauri anaisema redioni, kila mwenye redio jikoni anasikia, alafu waraka unaotoka wizarani siku chache baadae haujasikia. Ndo nikaelewa tatizo la hii huduma kwa kiasi kikubwa halipo kwa mtoa ushauri, lipo njiani kati yake na mezani kwa anayeamua.

Ila na wao wana lao. SAGE inajibu maswali inayoulizwa na serikali. Ukiuliza swali bovu unajibiwa vizuri kwa swali bovu. Tume ya uchunguzi wa korona ya Baroness Hallett kwenye ripoti yake ya kwanza, Julai 2024, ilisema nchi ilijiandaa kwa janga lisilo lenyewe, walijiandaa kwa mafua, na washauri walikuwa wanafikiri kwa mkondo mmoja na waziri hapewi mawazo tofauti tofauti achague. Ya Novemba 2025 ikawa kali zaidi, kwamba hatua zilikuwa ndogo mno na zilichelewa mno, na kama wangefunga 16 Machi badala ya 23 vifo vya wimbi la kwanza England vingepungua kwa kama 23,000. Wiki moja tu jamani. Februari nzima maprofesa walikuwa wanajua linakuja, wanaandikiana, wanahesabu, lakini hakuna aliyegonga meza. Mtu wa chuo amezoea kusema "ushahidi bado hautoshi", ni tabia nzuri kwenye jarida la kisayansi, kwenye janga linalojizidisha mara mbili kila siku tatu nne inaua.

Nyota nyingine imeanguka kwa usiri. Miezi mitatu ya kwanza majina ya wajumbe yalikuwa siri, tukaja kujua kwa gazeti la Guardian tarehe 24 Aprili kwamba Dominic Cummings, mshauri wa kisiasa wa Johnson, alikuwa anaingia vikaoni. Orodha ikatoka 4 Mei. Muhtasari wa vikao ukaanza kutoka mwishoni mwa Mei, nchi imeshafungwa miezi miwili. Na muda wote huo mawaziri kila jioni wanasimama, Whitty kushoto Vallance kulia, wanasema tunafuata sayansi, wakati mwananchi hawezi kuona sayansi yenyewe ilisema nini. Sir David King, aliyewahi kushika cheo hichohicho cha Vallance miaka ya nyuma, akachoka, akaanzisha kamati yake huru ya wasomi, 4 Mei hiyohiyo wakaanza kurusha vikao vyao YouTube kila mtu aone. Sikubaliani na kila walichosema, kuna siku walikuwa wanasukuma siasa zao waziwazi, lakini wazo la kubishana mbele ya watu nililipenda.

Kwanini nasisitiza sana hili? Kwa sababu ya Septemba. 21 Septemba 2020 SAGE walikaa, maambukizi yanapanda, wakaiambia serikali ifikirie kufunga kwa muda mfupi haraka, wiki mbili tatu, kukata mnyororo. Serikali ikachukua kidogo, baa zifunge saa nne usiku, waliokuwa wanaweza kufanyia kazi nyumbani wakae nyumbani. Muhtasari wa kikao kile ukawekwa hadharani 12 Oktoba, usiku, baada ya Waziri Mkuu kumaliza kuhutubia kuhusu utaratibu wake mpya wa kuyapanga maeneo kwa madaraja ya maambukizi. Lokdauni ikaja kuanza 5 Novemba. Fundi amekwambia Chalinze breki zimeisha, wewe ukaongeza mwendo mpaka Morogoro, alafu abiria wanaonyeshwa karatasi ya fundi wakiwa wameshafika mlima.

Na kabla ya hapo kulikuwa na ile ofa ya Agosti, Eat Out to Help Out, Jumatatu mpaka Jumatano unakula mgahawani serikali inalipa nusu, mpaka pauni 10 kwa kichwa. Sitadanganya nilikula, biriani ya Belgrave Road kwa nusu bei nani anaiacha. Kwenye uchunguzi ikaja kujulikana Vallance na Whitty hawakuulizwa kabisa kabla haijatangazwa. Nyie mna kamati nzima ya maprofesa wanaofanya kazi bure, mnalipa watu wakakae ndani ya migahawa, na hamuwaulizi? Hapo nimekata nyota kwa mteja, yaani serikali, sio kwa mtoa huduma, japo mfumo wa riviu hauniruhusu kutenganisha.

Kitu cha kwetu Leicester kidogo. 29 Juni 2020 tulitangaziwa kufungwa tena peke yetu wakati nchi inafunguliwa. Takwimu za serikali za Mei zilionyesha mwanaume mweusi ana hatari ya kufa kwa korona mara 4.2 ya mweupe wa umri uleule, na hata ukiondoa na tofauti za makazi na kipato inabaki mara 1.9. Profesa Kamlesh Khunti wa chuo kikuu cha hapahapa Leicester akaja kuongoza kamati ndogo ya SAGE ya mambo ya makabila na asili za watu, na chuo kikafanya utafiti wa wafanyakazi wa afya weusi na Waasia. Kazi nzuri na ya heshima. Ila ilikuja baada ya wenzetu wengi wa wodini kuzikwa, na hakuhitajiki profesa kuona kwamba zamu za usiku za nyumba za wazee zimejaa watu weusi, ungepita tu kituo cha basi saa kumi na mbili asubuhi.

Wa nyumbani wataniuliza na sisi je. Sisi Tanzania takwimu zilisimama Mei 2020, wagonjwa 509 vifo 21, papai likapimwa likaambiwa lina korona, mnaikumbuka. Alafu Aprili 2021 Rais Samia akasema ataunda kamati ya wataalam, ikaongozwa na Profesa Said Aboud wa MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, 17 Mei wakakabidhi ripoti Ikulu, mapendekezo yakasomwa hadharani, takwimu zitolewe, chanjo ziletwe. 28 Julai Rais akachanjwa mbele ya kamera. Kwa kasi ya kusikilizwa, hiyo kamati ya Bongo imewapita hawa wa London, tatizo lake ni kwamba iliitwa mwaka mmoja baadae.

Kwaiyo mgawanyo ni huu: Oxford na dexa tano, Kilifi tano ingawa hawamo kwenye bili, Imperial na modeli yao tatu na nusu, SAGE kama kikao tatu, na njia ya kutoka SAGE mpaka friji ya chumba cha wafanyakazi moja na nusu. Wastani usinihoji nimeuvuta kidogo juu kwa ajili ya dexa.

Anayetaka kujionea mwenyewe mihtasari yote ipo kwenye tovuti ya serikali, bure, huhitaji akaunti. Usianze na ya Januari utalala. Anza na ya 21 Septemba 2020, kurasa chache, Kiingereza chake sio kigumu, na ukimaliza angalia tarehe ya kikao alafu angalia na tarehe ilipopandishwa.